Kazi Nzuri, Karatasi Mbaya: Tathmini ya Kampuni Iliyotusafirishia Marehemu kutoka Dar es Salaam hadi Kibosho

Baba yetu mdogo alifariki mwezi wa Aprili, katikati ya masika, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Kwa kuwa alikuwa mtu wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, mahali pa kumzika hapakuwa na mjadala: angelazwa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba yake, karibu na migomba aliyokuwa akiipalilia mwenyewe kila alipopanda nyumbani mwezi wa Desemba. Kilichojadiliwa ni namna ya kumfikisha huko. Kikao cha kwanza cha familia kilinichagua kuwa katibu wa kamati ya mazishi, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mimi ndiye niliyetia sahihi mkataba na kampuni ya huduma za mazishi tuliyoichagua. Tathmini hii inaihusu kampuni hiyo, na zaidi inauhusu mkataba wake. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sehemu ya malalamiko yetu ilimalizwa kwa mazungumzo, na pia kwa sababu nimeshaona karatasi za kampuni nyingine mbili na kukuta ndani yake vifungu vilivyofanana na vyetu karibu neno kwa neno.

Uamuzi wangu niutoe mapema ili msomaji aliye katikati ya msiba asilazimike kusoma hadi mwisho. Kwa kazi ya mikono, watu hawa ningewaita tena kesho. Kwa karatasi yao, nisingeitia sahihi tena bila kuifuta mistari mitatu na kuongeza miwili.

Tulipata bei kutoka sehemu tatu. Mafundi wa majeneza walituuzia jeneza peke yake kwa bei nafuu, lakini wao hawasafirishi, hawaandai mwili, wala hawashughuliki na kibali chochote. Kampuni ya pili ilitaja bei ya chini kwa simu, kisha ikakataa kuiandika. Kampuni tuliyoichagua ilitupatia ankara ya makadirio ndani ya saa moja, yenye muhuri na jina la ofisa aliyeiandaa: shilingi 4,850,000 kwa jeneza la mkongo, maandalizi ya mwili pamoja na dawa, gari la kubebea maiti, Kosta moja ya wafiwa kwenda na kurudi, mashada mawili na msalaba. Waliotaka tuende kwa fundi mmoja mmoja walisema tungeokoa fedha, na inawezekana walikuwa sahihi kwa hesabu ya jeneza na magari. Hata hivyo, mwenye kufiwa hana siku nne za kuzunguka mjini akilinganisha bei, na kila siku ambayo mwili unakaa mochwari nayo ina gharama yake. Niliona, na bado naona, kwamba kulipia mtu mmoja anayebeba mzigo wote ni uamuzi wa busara, ili mradi iandikwe mzigo huo ni upi.

Hapo ndipo tulipojikwaa. Ofisini tulipokelewa vizuri sana. Ofisa alitupa pole kwa namna isiyo ya kibiashara, akatuletea maji, akasubiri wifi yangu amalize kulia kabla ya kufungua faili. Kisha akatoa mkataba wa kurasa nne, ulioandikwa kwa Kiingereza, akaniambia, "Mama, hapa ni sahihi tu, haya mengine ni utaratibu." Nilikuwa na shemeji yangu, mwalimu mstaafu, ambaye ana desturi ya kusoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi. Yeye ndiye aliyevuta kiti na kusema tusome kwanza. Tulisoma kwa dakika arobaini. Ofisa hakukasirika, na hilo naliandika kwa kumsifu, lakini pia hakuwa amezoea kuulizwa, kwa kuwa mara mbili alilazimika kumpigia simu meneja wake kuuliza maana ya kifungu kilichokuwa kwenye karatasi anayoitoa kila siku.

Suala la lugha si dogo. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na bado mkataba wa kumsindikiza mzee wa Kibosho unaandikwa kwa lugha ambayo mjane wake haisomi. Tuliomba nakala ya Kiswahili tukaambiwa haipo. Kampuni inayoandika matangazo yake yote kwa Kiswahili, yakiwa na maneno matamu ya "kukupunguzia mzigo wakati wa majonzi", haiwezi kudai kwamba imeshindwa kuandika masharti yake kwa lugha hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ambalo kila katibu wa kamati anapaswa kulitazama ni neno "mteja". Katika mkataba wetu, mteja alikuwa mimi, kwa jina langu, namba yangu ya kitambulisho cha taifa na namba yangu ya simu. Familia haikutajwa, na kamati haikutajwa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kamati si mtu. Nililiona jibu hilo la kikatili, lakini kisheria lilikuwa sahihi: kamati ya mazishi iliyoundwa sebuleni jana jioni haijasajiliwa popote, haina mali wala saini, na haiwezi kushtakiwa kwa jina lake. Michango ni ya watu mia moja na zaidi waliotuma kwa simu, lakini deni ni la yule aliyeweka sahihi. Kama michango isingetosha, ahadi za ndugu zingebaki ahadi, na mimi ningebaki na ankara. Suluhisho tulilolipata ni rahisi, na ninalipendekeza kwa kila familia. Tuliandika muhtasari wa kikao wa ukurasa mmoja, ukisema kwamba katibu anasaini kwa niaba ya watoto wa marehemu na kwamba watoto hao wanne watabeba deni lolote kwa sehemu sawa. Wote wanne walisaini. Kampuni haikuwa sehemu ya makubaliano hayo na haikuhitaji kuwa, kwa kuwa lengo halikuwa kuikwepa kampuni bali kuhakikisha kwamba ndugu hawatanikwepa mimi.

Kianzio kilikuwa asilimia 60, yaani shilingi 2,910,000, na zilizobaki 1,940,000 zilitakiwa kabla gari halijaondoka Dar es Salaam. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu fundi akishapasua mbao kwa kipimo cha mtu fulani hawezi kumuuzia mwingine kwa urahisi. Ugomvi wangu ulikuwa na kifungu cha tisa, kilichosema kwamba salio lisipolipwa kwa wakati litaongezeka kwa asilimia 10 kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa hesabu hiyo, deni la shilingi 1,940,000 lingezidi mara mbili ndani ya siku kumi na moja. Watu wengi hudhani kwamba kilichoandikwa na kusainiwa ni lazima kitekelezwe hadi nukta ya mwisho. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Kifungu chake cha 74 kinaeleza kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyeumizwa hupata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Kiasi kilichotajwa, kwa maneno mengine, ni dari, na mahakama inaweza kushuka chini yake. Nilimweleza ofisa hayo kwa upole, akapiga simu, na kifungu kikafutwa kwa kalamu, tukaweka sahihi pembeni sisi wawili. Kilifutwa kwa dakika tatu. Nilijiuliza ni familia ngapi zimekilipa kwa sababu hazikuuliza.

Niongeze hapa jambo ambalo shemeji alinionyesha baadaye na ambalo lilinishangaza. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16 kinachozungumzia ushawishi usiofaa, inamtaja mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathirika, hata kwa muda tu, kwa sababu ya umri, ugonjwa au dhiki ya akili au ya mwili. Waandishi wa sheria walijua kwamba kuna siku ambazo binadamu hayuko sawasawa. Lakini msomaji asiuchukulie msiba kuwa njia ya kuukimbia mkataba. Huzuni peke yake haibatilishi makubaliano. Ni lazima ionekane kwamba upande wa pili ulikuwa na nafasi ya kuitawala nia yako na ukaitumia kujipatia faida isiyo ya haki. Kampuni iliyotupa maji, muda na kiti isingeingia kwenye shtaka hilo. Ile iliyokataa kuandika bei, sijui.

Kifungu kingine tulichokifuta kilikuwa kinairuhusu kampuni kutumia picha za huduma iliyotolewa katika matangazo yake. Mjane alisema hapana kabla sijamaliza kutafsiri. Na tuliongeza mstari mmoja: gari likiharibika njiani, kampuni italeta jingine kwa gharama yake ndani ya saa 4. Mkataba wa awali ulisema tu kwamba kampuni haitawajibika kwa ucheleweshaji "kwa sababu yoyote ile", maneno ambayo yanabeba kila kitu, kuanzia mafuriko hadi dereva aliyelala. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, inayopita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Himo, tena usiku na wakati wa mvua, mstari huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko mashada yote mawili.

Sasa kazi yenyewe. Waliokwenda kuuandaa mwili walikuwa vijana wawili na mama mmoja wa makamo. Waliwauliza wazee wetu kama kuna desturi ya familia ya kufuata, wakawaruhusu kaka wawili wa marehemu waingie wakati wa kumvisha, na hawakuharakisha. Suti ilimkaa vizuri. Jeneza lilikuwa la mkongo kweli. Nilipiga picha ya lile tulilolichagua pamoja na namba yake, kwa sababu mkataba uliiruhusu kampuni kuleta "linalolingana nalo", na katika biashara ya mbao neno kulingana huwa na tafsiri nyingi. Kibali cha kusafirisha mwili walikishughulikia wao, pamoja na karatasi za hospitali, na gari lilifika nyumbani kwa ajili ya kuaga dakika kumi kabla ya saa iliyopangwa. Katika Dar es Salaam ya foleni na madimbwi ya Aprili, hilo ni jambo la kuandikwa.

Neno "vibali" lilituletea msuguano mdogo baadaye. Familia ilidhani kwamba kampuni ingetuletea pia cheti cha kifo. Haikuwa hivyo, na kwa haki, mkataba haukusema hivyo; ulisema "vibali vya usafirishaji na mazishi" tu. Kibali cha mazishi ni ruhusa ya kuzika. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Bila cheti hicho mirathi haifunguliwi, benki haizungumzi na warithi, na mafao hayatoki. Kwa kuwa kila mtu alidhani mwingine anafuatilia, sisi tulikumbuka siku ya ishirini na sita. Mwenye kupanga mazishi amteue mtu mmoja wa cheti tangu kikao cha kwanza, na asiwe katibu, kwa maana katibu atakuwa amechoka.

Safari ilikwenda vizuri. Tuliondoka saa 12 jioni, tukasali Chalinze, na madereva walikuwa wawili kwa kila gari kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyekimbiza gari. Alfajiri tuliuona mlima ukiwa umefunikwa, na saa 1 asubuhi tulikuwa Moshi mjini. Hapo gari la maiti likasimama karibu na stendi, dereva akashuka, akaja kwenye dirisha la Kosta akiwa ameshika nakala ya mkataba.

Mkataba ulisema: Dar es Salaam hadi Moshi. Kwa mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam, "Moshi" ni neno pana. Ukisema unakwenda Moshi, aliyekuuliza ataelewa kwamba unakwenda kwenu, iwe Kibosho, Old Moshi, Uru au Machame. Kwa kampuni, Moshi ilikuwa mji, na mji ulikuwa umefikiwa. Kupanda hadi nyumbani, kwenye barabara ambayo kipande chake cha mwisho ni udongo mwekundu uliolowa, kulikuwa safari mpya yenye bei yake: shilingi 250,000. Dereva hakuwa mkorofi. Alikuwa amepewa maagizo, na alisoma kilichoandikwa. Ni mimi niliyepitia kurasa nne kwa dakika arobaini, nikaziona asilimia 10 na nikaziona picha za matangazo, lakini nikapita juu ya neno moja kwa sababu nililiona ni langu na nililidhani nalielewa.

Nililipa. Hakuna anayebishana kando ya barabara na jeneza likiwa ndani ya gari, na hiyo ndiyo sababu ningependa kampuni zisiwe na mwanya wa kuanzisha mazungumzo ya bei mahali pale. Hata hivyo gari la maiti halikufika. Mita mia tatu hivi kabla ya geti liliteleza na kukwama, na vijana wa kijiji wakalibeba jeneza mabegani, wakibadilishana, hadi uani. Wazee walisema ilikuwa bora hivyo. Mimi nilikuwa nafikiria shilingi 250,000, na nikajionea aibu.

Misa ilianza kwa kuchelewa, salamu za rambirambi zikawa nyingi, na wasemaji wawili walizungumza kwa muda mrefu kuliko padre. Tulimaliza kuzika karibu na magharibi. Mkataba ulitoa saa 6 za kusubiri kwa kila gari, na baada ya hapo shilingi 30,000 kwa saa. Tulizidisha saa 5, magari yakiwa mawili, kwa hiyo ankara ya nyongeza ikawa shilingi 300,000. Hili sikulipinga. Lilikuwa limeandikwa wazi, nilikuwa nimelisoma, na dereva naye ana nyumbani kwake. Lakini kampuni inayofanya kazi hii kila wiki inajua kwamba hakuna maziko ya Kilimanjaro yanayomalizika kwa saa 6 tangu kufika. Kuweka saa 6 ni kuweka bei ya chini kwenye ankara ya makadirio huku ukijua kwamba mteja ataikuta ya kweli kaburini. Ningependelea waandike saa 12 na wapandishe bei ya msingi, ili familia ilinganishe kampuni kwa bei iliyo kamili.

Wiki mbili baada ya mazishi niliandika barua. Sikuandika kwa hasira, na nilianza kwa kuwashukuru wale watatu waliomwandaa marehemu. Kisha nikaeleza kwamba fomu yao ya maombi, ambayo niliijaza siku ya kwanza na ambayo nakala yake ninayo, ilikuwa na nafasi ya "mahali pa maziko", na mimi niliandika Kibosho pamoja na jina la kijiji. Bei ilikadiriwa kutokana na fomu hiyo. Haiwezekani kampuni ijue kijiji wakati wa kukadiria bei, kisha isikijue wakati wa kufika. Niliambatanisha risiti zote za mashine ya kodi ya kielektroniki, EFD, kasoro moja: ile ya 250,000, kwa sababu barabarani sikupewa risiti yoyote. Nilitaja pia kwamba Tume ya Ushindani, FCC, ina wajibu wa kupitia mikataba ya watumiaji ambayo mfanyabiashara huiandaa peke yake na mteja akapewa tu mahali pa kusaini, na niliuliza kama huu wao umepitiwa.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. Meneja alinipigia mwenyewe, akaomba radhi kwa tukio la pale mjini, na shilingi 250,000 zikarudishwa kwa simu jioni hiyo hiyo. Swali langu kuhusu FCC hakulijibu. Nilimkabidhi mhazini fedha, naye akaziandika kwenye daftari la michango na kumpelekea mjane.

Kuhusu michango yenyewe, niseme kidogo, kwa kuwa nayo ina mkataba wake ambao wengi hatuuiti mkataba. Marehemu alikuwa mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Katiba ya chama ilisema kwamba mwanachama akifariki, familia hupewa rambirambi ya kiasi fulani pamoja na turubai, viti na sufuria. Tulipokwenda, tukaambiwa kwamba mwanachama mwenye malimbikizo ya miezi mitatu hupoteza haki hiyo, na marehemu, ambaye aliugua tangu Januari, hakuwa amelipa tangu wakati huo. Katiba ilikuwa na kifungu hicho. Ilikuwa pia na kifungu kingine, kurasa mbili mbele, kinachosema kwamba mwanachama aliyelazwa hospitali hasitishiwi huduma. Mwenyekiti mwenyewe hakukikumbuka. Turubai na viti tulivipata siku hiyo hiyo, na fedha zikafuata. Kwa hiyo katiba ya chama nayo isomwe, tena isomwe na mwanachama mwenyewe akiwa hai, na ikae mahali ambapo watoto wanaijua. Na kama marehemu alikuwa mwajiriwa, familia iulize mapema kuhusu msaada wa mazishi: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, una fao la aina hiyo kwa wanachama wake, na mtumishi wa umma hugharamiwa na mwajiri wake kwa mujibu wa kanuni za utumishi. Baba mdogo alikuwa fundi wa kujitegemea, hivyo kwetu milango hiyo haikuwepo.

Jirani yangu mmoja Mwislamu, aliyekuja kutusaidia kupanga viti, alilitazama jeneza la mkongo na kuuliza bei kwa sauti ya chini. Nilipomwambia, alitikisa kichwa bila kusema kitu. Kwao maiti huoshwa na ndugu, huvishwa sanda, hubebwa kwenye jeneza la msikiti ambalo hurudishwa msikitini kwa ajili ya mwingine, na mara nyingi jua halizami kabla ya kuzikwa. Mkataba hauna pa kuingilia. Siandiki hivyo kuwashawishi watu wa Kibosho waache desturi zao. Naandika kwa sababu kila tunachokiongeza kati ya kitanda cha hospitali na kaburi, iwe ni dawa, gari, siku au shada, kinakuja na karatasi yake, na ni haki kujua kwamba tumechagua wenyewe.

Kwa anayetaka kipimo: maandalizi ya mwili na heshima kwa marehemu, sina la kupunguza. Jeneza, kama lilivyoahidiwa. Magari na madereva, vizuri sana, pamoja na kwamba gari la maiti lililochaguliwa halikufaa kwa mlima wakati wa masika, na kampuni iliyoandikiwa Kibosho kwenye fomu ingepaswa kuleta lenye kuvuta kwa magurudumu yote. Bei, ya kati kwa huduma ya kati, ukiihesabu pamoja na saa za kusubiri na si bila hizo. Mawasiliano baada ya mazishi, bora kuliko nilivyotarajia. Mkataba, dhaifu, wa lugha ya kigeni, unaomwelemea mteja, lakini unafutika ukiuliza, na ofisa hatakununia kwa kuuliza.

Mwezi wa Septemba mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mumewe, mtu wa Uru. Nilimpa namba za kampuni ile ile, pamoja na nakala ya mkataba wetu yenye mistari iliyofutwa na maandishi ya pembeni, na nikamwomba aende na mtu asiyelia. Alikwenda na mdogo wake. Aliporudi alinionyesha karatasi yake: bado ilikuwa ya Kiingereza, zile asilimia 10 zilikuwa zimechapishwa palepale na mdogo wake akazifuta, na kwenye nafasi ya mahali pa kufika, kwa herufi kubwa, paliandikwa jina la kijiji, na chini yake, kwa mkono wa ofisa yule yule, maneno "hadi uani".